Viraka vya Land Rover ya Baba

Marufuku ya biashara ya vyuma chakavu ndiyo iliyoiokoa Land Rover ya baba. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuja na mizani, ndugu zangu wamekubaliana bei kwa kilo, mimi nimeshindwa kwa kura. Kisha Januari 2022, baada ya vyuma vya minara ya umeme na vya reli kuibwa kupita kiasi, Rais Uhuru Kenyatta akaifunga biashara hiyo nchi nzima. Ilipofunguliwa tena mwezi Mei, milango ya gari ilikuwa imeegemezwa kwenye zizi la ng'ombe, bodi imeinuliwa juu ya magogo ya mkaratusi, chesisi iko uchi uani kwangu, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana nami tena.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa ufundi wa chuma. Niliajiriwa wakati mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulipotaka kila mtoto ajue kushika nyundo. Nikastaafu wakati karakana nyingi nilizozifahamu zimegeuzwa stoo za mahindi. Nasema hivyo ili msomaji ajue ninalitazama gari hili kwa jicho gani. Ndugu zangu wakiliona hukumbuka harusi na safari. Mimi huangalia kwanza maungio: hiki kimeungwa na nini, nani alikiunga, na alijifunzia wapi.

Gari lenyewe ni Series IIA ya 1968, ile ndefu ya inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli. Ina viti vya watu 10: watatu mbele, watatu katikati, wanne nyuma wakitazamana. Injini ni ya petroli, silinda 4, lita mbili na robo. Juu ina paa mbili, moja juu ya nyingine, zilizobuniwa ili kupunguza ukali wa jua la nchi za joto. Jambo hilo liliwachekesha sana majirani zetu, maana katika vilima hivi vya Kericho, vya mita 2,000 kwenda juu, mtu hulitafuta jua, halikimbii.

Baba aliinunua mwaka 1974 kutoka shamba kubwa la chai lililokuwa likiuza magari yake ya zamani. Alikuwa mkulima mdogo wa upande wa Litein, mmoja wa wale walioanza kupanda chai chini ya mamlaka iliyoundwa mwaka 1960 na ambayo tangu 1964 tunaiita KTDA. Kabla ya hapo, tangu Brooke Bond na James Finlay waingie Kericho katikati ya miaka ya 1920, chai ilikuwa mali ya kampuni. Mwafrika aliichuma, hakuimiliki. Basi gari lililokuwa la meneja kuja kulala kwa mkulima mwenye ekari mbili na nusu za chai lilikuwa jambo la kutazamwa. Lilibeba magunia ya majani mabichi hadi kituo cha kununulia chai. Lilibeba maziwa, bibi harusi, wajawazito waliokuwa wakiwahishwa hospitali ya Litein. Siku ya bonasi ya chai lilibeba wazee walioanza kusherehekea kabla hawajahesabu pesa.

Watu hudhani Land Rover haishiki kutu, kwa sababu wanaitazama bodi. Bodi ni ya aloi ya alumini, na haikuchaguliwa kwa hekima kubwa. Mwaka 1947, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alipobuni gari hilo, chuma nchini Uingereza kilikuwa kikigawiwa kwa kibali baada ya vita, ilhali alumini ya viwanda vya ndege ilipatikana. Likaonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, likaja Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi likawa gari la bwana shamba, la mkuu wa wilaya, la polisi na la kampuni za chai. Chesisi, hata hivyo, ni chuma: bapa nne zilizochomelewa kingo kwa kingo zikawa sanduku refu lenye uwazi ndani.

Uwazi huo ndio ugonjwa wenyewe. Kericho hupata zaidi ya milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, na kuna miezi ambayo hainyimi alasiri hata moja. Tope jekundu huingia kwenye matundu, likakaa, likakauka nusu, likalowa tena. Chesisi huoza kwa ndani huku nje rangi iko sawa. Pale alumini inapogusana na chuma, unyevu huila alumini nayo mpaka inakuwa unga mweupe. Kwa hiyo palipooza hapaonekani kwa macho. Unagonga kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, unasikiliza.

Msikilizaji hakuwa mimi. Nilimtafuta mzee mmoja wa Kapsoit ambaye alikuwa akilitengeneza gari hili baba alipokuwa hai. Alikuja na gunia la spana, akaliweka chini, akasema, "Mwalimu, vijana wako wana spana za milimita. Hii mama hafunguki na milimita." Ni kweli. Nati za Land Rover za wakati ule ni za inchi, na mafundi vijana wa jua kali wa leo, waliolelewa na Toyota Probox, wakijaribu kuzifungua hula pembe za nati mpaka zinakuwa duara. Spana za mzee zilikuwa na mihuri ya viwanda vya Uingereza, nyingine zimechongwa upya kwa tupa. Nitarudi kwenye spana hizo.

Tulipokwisha kusugua kwa brashi ya waya na grinda, viraka vilijitokeza. Cha kale zaidi kiko kwenye mkono wa kushoto, ule unaotoka kwenye chesisi kwenda kushika bodi chini ya mlango. Hakuna gesi wala umeme uliokigusa. Ni bapa nene, matundu yake yametobolewa chuma kikiwa chekundu, si kwa keekee, kisha ribiti zikapitishwa zikiwa moto na vichwa vyake vikagongwa mpaka vikawa duara safi. Nilikaa nacho muda mrefu. Gari ni la 1968, lakini mkono uliopiga ribiti zile haukujifunzia kwenye magari ya injini. Ulijifunzia kwenye magari ya maksai.

Hapo ndipo inanibidi nirudi nyuma mpaka enzi ya kujengwa kwa reli. Ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu Desemba 1901, ikiwa imejengwa na vibarua na mafundi wapatao 32,000 walioletwa kutoka India. Ilipita Lumbwa, stesheni ambayo leo inaitwa Kipkelion, ikauacha mji wa Kericho pembeni. Kila kitu cha walowezi kilichoshushwa Lumbwa, kuanzia majembe hadi mashine, kilipaswa kukokotwa vilima na mabonde mpaka Kericho, na kilikokotwa na maksai. Wale maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa katika Vita ya Kwanza ya Dunia, waliogawiwa ardhi ya Wakipsigis ili walime kitani, walitegemea magari hayo hayo. Mradi wao ulikufa upesi, na sehemu kubwa ya ardhi ikaishia mikononi mwa kampuni za chai badala ya kurudishwa kwa wenyewe. Lakini magari yaliendelea kuhitajika. Gari la maksai huvunjika. Gurudumu la mti hukauka likalegea, na pete yake ya chuma inabidi ipashwe moto, ivalishwe ikiwa imepanuka, imwagiwe maji ili ibane.

Kazi hiyo Kericho ilishikwa na Masingasinga kutoka Punjab, watu ambao useremala na uhunzi kwao ulikuwa kazi ya ukoo. Karakana iliyosifika iliitwa Kericho Wagon Works, na jina lenyewe linatosha kusema ilianzia wapi. Mmoja wa mafundi wake alikuwa Puran Singh, aliyekuja Kenya kijana mwaka 1916, na ambaye baadaye Masingasinga wa huku na wa Uingereza wangemheshimu kama mtakatifu, wakimtaja kwa jina la mji wetu: Baba Puran Singh wa Kericho. Ninapenda kwamba mtakatifu huyo alikuwa fundi. Wageni wengi hupita kwenye gurdwara kubwa ya Kericho, hekalu la Masingasinga, wakaishangaa na kupiga picha, bila kujua kwamba aliyevuta watu wake mpaka hapa alikuwa na masizi mikononi.

Na kuna mwingine. Joginder Singh, aliyeshinda mbio za magari za Safari Rally mara tatu, alizaliwa hapa Kericho mwaka 1932. Ushindi wake wa kwanza, mwaka 1965, aliupata pamoja na ndugu yake Jaswant wakiendesha Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika kwenye mashindano. Mwaka 1974 na 1976 akashinda tena na Mitsubishi Lancer. Watu wanakumbuka kasi yake. Mimi naona jambo jingine kwenye rekodi yake: aliingia Safari 22 na akamaliza 19. Katika mashindano ambayo magari mengi yaliachwa njiani, hiyo ni rekodi ya fundi kabla ya kuwa ya dereva.

Kutoka kwenye gurudumu la gari la maksai hadi gurudumu la kinu cha maji si mbali. Katika miaka ya 1930 na 1940 Wakipsigis wenye uwezo walimiliki vinu vya maji kando ya mito, wakisaga mahindi kwa malipo, na vinu hivyo vilihitaji mhunzi na seremala kila mara. Kisha ikaja Vita ya Pili. Vijana wa Kikipsigis walikwenda na jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) hadi Uhabeshi na Burma, na baadhi walirudi wakiwa wanajua kuendesha lori na kuondoa kabureta na kuirudisha. Viwanda vya chai navyo vilikuwa na karakana zao. Kwa hiyo lori la kwanza lilipoharibika kijijini hapakukosekana mtu wa kufungua boneti. Kilichokosekana ni mtu aliyeruhusiwa kuishika kazi tangu mwanzo hadi mwisho.

Mzee wa Kapsoit aliingia karakana moja ya mjini mwaka 1963, akiwa mvulana, kuvuta mivukuto. Hakufundishwa. "Kalasinga hakuwa mbaya," aliniambia, "alinipa chakula, alinilipa. Lakini saa ya kupima, ananituma chai." Kila ilipofika hatua ya vipimo, mahali bapa ikatwe au tundu litobolewe, yeye alitumwa nje na birika. Akirudi, kazi ilikuwa imekwisha kuchorwa. Basi akajifunza kwa alama za chaki zilizobaki sakafuni jioni, wakati wa kufagia. Alizipima kwa mkono wake, shubiri kwa shubiri, kabla hajazifuta. Kenneth King, mtafiti aliyechapisha kitabu *The African Artisan* mwaka 1977, aliandika kwa kirefu jinsi ufundi wa Wahindi ulivyohamia kwa Waafrika wa Kenya bila shule wala cheti. Nilikisoma chuoni, nikadhani nimeelewa. Habari ya birika la chai haimo.

Mambo yalibadilika ghafla. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wasiokuwa raia, na maelfu ya Wahindi wenye pasipoti za Uingereza wakaanza kuondoka. Uingereza nayo, ilipoona wanakuja wengi, ikapitisha sheria ya kuwazuia Machi 1968, kwa haraka ya siku chache bungeni. Katika msukosuko huo yule mwajiri alifunga karakana. Mshahara wa mwisho wa mzee ulilipwa kwa fuawe, koleo mbili, na seti ya spana za inchi. Ndizo zile za kwenye gunia. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti maarufu kuhusu Kenya, likaieleza dunia kwamba watu wanaofanya kazi nje ya ofisi na viwanda rasmi si wavivu wala wahalifu bali ni sehemu ya uchumi. Mzee wakati huo alikuwa amekwisha kufungua kazi yake chini ya mti, na askari wa baraza walikuwa wanamfukuza kila wiki. Vibanda vya jua kali vilivyojengwa wakati wa Rais Moi vilikuja zaidi ya mwongo mmoja baadaye.

Kiraka cha ribiti kilikuwa chake. Nilipomwonyesha alikitazama tu, akasema alikipiga mwaka ambao baba alilileta gari, kwa sababu hakuwa na gesi. Chuma chenyewe kilikuwa pete ya gurudumu la gari la maksai.

Viraka vya pili, vya gesi, vilikuwa vya miaka iliyofuata, alipopata mtungi wa kuchanganyia kabaidi na maji. Hapo tuligombana. Kimoja, karibu na kishikio cha springi ya nyuma, kilikuwa kibaya: mshono umevimba, umetoboka, unaonyesha mtu aliyekuwa bado anajifunza kushika moto. Mzee alitaka kukikata papo hapo. Mimi nilitaka kibaki, maana kilikuwa bado kinashika. Tulikaa na kiraka hicho kati yetu mchana mzima. "Mwalimu," alisema mwishoni, "wewe ukikosea kwenye ubao unafuta." Nikakipiga picha, naye akakikata.

Viraka vya tatu ni vya umeme, vya miaka ya 1990, na juu ya hivyo sitasema mengi. Nguzo za stima zilikuwa zimesogea, kila kijana akanunua mashine ya kuchomelea, na bati lolote likawa kiraka. Kimoja kilikatwa kutoka bango la duka. Tulipokigeuza tukakuta bado kina herufi nyekundu za tangazo la sabuni. Vyote vilitolewa kwa grinda na tindo bila huzuni.

Mpwa wangu wa Nairobi alishauri tununue chesisi mpya. Kuna viwanda Uingereza vinavyoziunda hadi leo, zimechovywa kwenye zinki, na ukilipa meli zinakuja. Yeye huenda kila mwaka kwenye Concours d'Elegance pale uwanja wa farasi wa Ngong, maonyesho yaliyoanza mwaka 1970, ambako waamuzi hukagua magari kwa uangalifu mkubwa na huinama hata kutazama uvunguni. Aliona mbele yake kikombe. Sina ubaya na kikombe. Lakini gari linalong'aa uvunguni kama sufuria mpya halina lolote la kuniambia. Ni Land Rover ya 1968 iliyozaliwa juzi.

Pia kuna jambo la karatasi. Namba ya chesisi ya gari hili imegongwa mbele upande wa kulia, kwenye chuma kinachoshika springi. Kwa macho ya sheria, gari ni namba hiyo. Injini unaweza kubadilisha, bodi unaweza kubadilisha, ukaandikisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ukaendelea. Ukitupa chuma kile umetupa gari lenyewe, unabaki na logibuku ya kitu kisichokuwepo. Na logibuku yetu ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Kabla ya kununua hata kopo la praima ilitubidi twende mahakamani kutafuta hati ya kusimamia mirathi, tuandike majina ya watoto wa nyumba zote mbili za baba, tusubiri tangazo kwenye Gazeti la Serikali. Ndugu zangu waliokuwa tayari kuliuza kwa kilo walianza kulisifu mbele ya karani.

Kazi ya kunyoosha ilifanywa kwa kamba. Tuliiweka chesisi juu ya matofali kwenye sakafu ya saruji, tukaisawazisha kwa pimamaji, tukashusha timazi kutoka kila tundu la boliti, tukatia alama za chaki chini. Kisha tukapima pembe kwa pembe, mbele kulia hadi nyuma kushoto, mbele kushoto hadi nyuma kulia. Vipimo viwili vikilingana, chesisi iko mraba. Yetu ilikuwa imepinda karibu nusu inchi, kumbukumbu ya mtaro mmoja karibu na Sotik ambao familia yetu haizungumzii. Safari hii hakuna aliyetumwa chai. Msichana wa jirani anayesomea polytekniki alishika ncha moja ya kamba, mzee akashika nyingine, akawa anamsomea vipimo kwa sauti na kumtaka avirudie.

Tulibadilisha chuma cha nyuma chote, kile kinachobeba ndoano ya kuvutia tela, na mikono mitatu. Mkono wa kushoto wenye ribiti tuliusugua, tukaupaka praima nyekundu, tukauacha. Kabla ya kupaka rangi mzee alitoboa matundu zaidi chini ya sanduku la chesisi ili maji yatoke, kisha tukamwaga ndani oili chafu ya injini, dawa ya kutu ya watu wa huku ambayo hakuna kitabu changu cha shule kilichoitaja na ambayo mwalimu wa mazingira angeipinga kwa haki.

Bodi imerudi juu ya chesisi. Springi ziko mahali pake, ingawa tulizifunga mara mbili, kwani za upande wa dereva zimepindwa zaidi kidogo kuliko za upande wa pili ili kubeba uzito wake, na ukizibadilishana gari husimama limeinama. Klachi inashika. Giaboksi inavuja, mzee anasema isiyovuja haina oili. Kilichobaki ni nyaya za umeme, na hapo amekataa katakata, anasema umeme ni kazi ya vijana. Nimempata mmoja wa stendi ya Kericho anayefunga redio kwenye Probox. Amekuja akatazama, akauliza kompyuta ya gari iko wapi. Mzee alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafungua gunia, akamkabidhi spana ya inchi ya robo tatu, akamwambia aanze kwa kuondoa betri.